Mvulana wa Nariokotome na deni la maji

Majuzi nilimpeleka mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, katika Jumba la Makumbusho la Taifa jijini Nairobi. Tulisimama kitambo mbele ya mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, aliyefariki yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Nikamweleza jinsi marehemu Kamoya Kimeu alivyookota kipande kidogo cha fuvu mwezi wa Agosti 1984 karibu na mto Nariokotome, na jinsi kundi la Richard Leakey na Alan Walker lilivyofukua mpaka likapata karibu mwili mzima. Mtoto alisikiliza, kisha akaniuliza: "Mjomba, na huko kwao kukoje siku hizi?"

Swali hilo limenikaa rohoni wiki nzima.

Nariokotome iko magharibi mwa Ziwa Turkana, mbali kaskazini mwa Lodwar. Mto wenyewe ni mto wa mchanga. Mvua ikinyesha milimani hufurika kwa saa chache, kisha hubaki mkavu kwa miezi. Katika mito ya namna hiyo Turkana nzima, akina mama na wasichana hufukua mchanga mpaka maji yatokeze, wakayateka kwa kikombe, kidogo kidogo, hadi mtungi ujae. Ziwa wanaliona pale pale, lakini maji yake ni ya magadi, na madini yaliyomo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia.

Sasa nakuuliza, msomaji wangu, na pengine mjadiliane hapo mezani na jamaa zako: mtu akichimbiwa kisima Nariokotome, amefanyiwa hisani au amelipwa deni?

Wengi wetu tumezoea kujibu kwamba ni hisani. Wamisionari wa Jumuiya ya Mtakatifu Paulo Mtume, wenye kituo pale Nariokotome, wamejenga mabwawa kwa miaka mingi, nami sina neno nao. Lakini hisani haina mdai. Norway ilisaidia kutia lami barabara ya Kitale hadi Lodwar. Oktoba 1990 serikali ya Kenya ikavunja uhusiano na nchi hiyo, wafadhili wakafunga virago, na barabara ikaachwa ikaoza miaka na miaka. Nani wa Lodwar angekwenda kumshtaki nani?

Ulimwengu ulikwisha kutamka vingine. Tarehe 4 Desemba 1986 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki ya Maendeleo. Nchi 146 ziliunga mkono, 8 zikajizuia, na Marekani peke yake ikapinga. Wazo hilo lilikuwa limepigiwa debe tangu 1972 na jaji wa Senegal, Kéba Mbaye. Afrika nayo ililiandika katika kifungu cha 22 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu wa 1981, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1992, mwaka ule ule kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa.

Azimio lenyewe lasema kwamba mwanadamu ndiye kiini cha maendeleo, na kwamba lazima ashiriki kwa hiari na kikamilifu, kisha agawiwe matunda yake kwa haki. Hapo pa kushiriki ndipo penye utamu, au uchungu, wa habari hii.

Tazama Kalokol, kusini mwa Nariokotome kando ya ziwa lile lile. Norway ilijenga huko kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kikakamilika mwaka 1981. Nia ilikuwa njema: Waturkana, ambao ukame uliwamalizia mifugo, wawe wavuvi. Lakini kugandisha samaki katika joto lile kulihitaji umeme na maji safi kwa wingi, vitu ambavyo Kalokol haikuwa navyo. Gharama ikapita bei ya samaki. Mitambo ilinguruma siku chache tu ikazimwa, na jengo likageuka bohari ya samaki wakavu. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, Ghuba ya Ferguson, walimotegemea kuvua, ikakauka. Mzee yeyote wa pale angewaambia kwamba ziwa lile hupanda na kushuka, lau angeulizwa mapema na kusikizwa.

Wala tusiwasingizie wageni peke yao. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulitaka fedha za maendeleo zielekezwe kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Kwa lugha nyingine, aliyenacho aongezewe. Turkana, ambayo Mwingereza aliifunga na kuifanya mahali pa kuwafichia wafungwa wa siasa kama Mzee Kenyatta kule Lokitaung, ikaambiwa ingoje.

Je, haki hii inaweza kudaiwa kweli? Waendorois wa Ziwa Bogoria waliidai. Walifukuzwa katika ardhi yao miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Mapema mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa: Kenya imevunja, pamoja na haki nyingine, haki yao ya maendeleo, kwa kuwa hawakushauriwa ipasavyo wala hawakufaidika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tume hiyo kutamka hivyo. Utekelezaji umesuasua, nakiri, lakini deni limeandikwa.

Mwaka huo huo Katiba mpya ikaahidi kila mtu maji safi ya kutosha, katika kifungu cha 43, na kifungu cha 204 kikaunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maeneo yaliyosahauliwa, Turkana ikiwemo. Kwa hiyo mama wa Nariokotome akienda kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti, haendi kuomba. Ana haki ya kuuliza kisima kitachimbwa wapi, pampu ikiharibika spea zitatoka wapi, na kwa nini asiulizwe yeye anayejua mchanga gani hutoa maji matamu.

Mpwa wangu nilimjibu kadiri nilivyoweza. Nikamwambia pia kwamba wataalamu huamini mvulana yule alifia kwenye kinamasi, matope yakamfunika, ndiyo maana mifupa yake haikutawanyika sana.

"Kumbe zamani kulikuwa na maji?" akauliza.

Nikamwambia naam, yalikuwapo. Akanishika mkono, akataka twende tukaone ndege.