Utaacha Lini Hiyo Dawa?

Swali hili huulizwa kwa upendo. Mama humuuliza mwanawe anaporudi kutoka kliniki asubuhi, mke humuuliza mumewe, na mjomba aliyefika kutoka mkoani kwa ajili ya harusi huliuliza sebuleni mbele ya watu, bila nia ya kumfedhehesha mtu. Kijana aliyekuwa akivuta na kujidunga heroini kwa miaka minane sasa ana mwaka mmoja na nusu tangu aanze kunywa methadoni. Mwili umerudi, analala nyumbani, na masufuria hayapotei tena jikoni. Familia imeiona nafuu hiyo kwa macho yake, na jambo moja tu linaisumbua: kile kikombe cha kila siku. Utaacha lini hiyo dawa?

Wapo wahudumu wa afya wanaoliuliza pia, wakati mwingine kwa kejeli, mgonjwa anapofika zahanati kwa ajili ya kikohozi na kutaja dawa anazotumia. Kati ya mambo yote ambayo jamii humwambia mtu anayepata nafuu ya uraibu, ni machache yenye hatari kama swali hili, na hatari yenyewe inahusu uhai.

Msingi wa swali ni dhana kwamba methadoni ni kilevi kingine kilichovalishwa koti jeupe. Dhana hiyo haikutoka hewani. Methadoni na heroini ni za jamii moja, pamoja na mofini inayotumiwa hospitalini kutuliza maumivu ya saratani. Zote hufanya kazi mahali pamoja katika ubongo. Tofauti iko katika mwendo wake. Heroini iliyovutwa au kudungwa hufika ubongoni kwa muda mfupi sana, humlewesha mtu kwa nguvu, kisha huondoka ndani ya saa chache na kumwachia arosto: makamasi, jasho, kuharisha, maumivu ya mifupa, na fikra moja tu ya kutafuta kete nyingine. Mraibu huupitia mzunguko huo mara tatu, nne au zaidi kwa siku, na kila mara anahitaji fedha. Methadoni hunywewa, huingia mwilini polepole, na hukaa kwa siku nzima na zaidi. Mtu aliyefikishwa kwenye dozi inayomfaa, ambayo kwa wengi ni kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, halewi wala hapati arosto. Anaweza kukaa kwenye kikao cha ukoo, kushona kwa cherehani, kubishania mpira. Utegemezi wa mwili bado upo, wala hakuna haja ya kuuficha. Kinachotoweka ni maisha ya kukimbizana na kete, na maisha hayo ndiyo yaliyoivunja nyumba.

Kliniki nyingi za afya ya akili nchini hutibu pia kifafa. Mama wa mtoto mwenye kifafa hushukuru mwaka ukipita bila mwanawe kuanguka, na haoni kwamba mwaka huo ni ushahidi kuwa fenobabito haihitajiki tena. Anajua dawa ndiyo iliyouleta mwaka huo. Ni vigumu kueleza kwa nini hesabu hiyohiyo hugeuka mgonjwa anapokuwa mraibu, isipokuwa kwa kukiri kwamba wengi bado wanauona uraibu kuwa kosa ambalo adhabu yake lazima iwe na tarehe ya mwisho.

Tiba yenyewe si jaribio jipya. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya mwanzo kutoka New York mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya uraibu mwaka 2005. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo katika hospitali ya umma. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine ya Bara.

Sasa na ichukuliwe kwamba kijana yule amechoka kuulizwa. Anaacha kwenda kliniki ili awaonyeshe nyumbani kwamba anaweza, au anapelekwa shamba kwa babu, mbali na vijiwe, akavumilie mpaka iishe. Arosto ya methadoni huja taratibu, huanza baada ya siku moja au mbili na huweza kuburuza kwa wiki kadhaa. Anaimaliza. Familia inachinja mbuzi. Wakati huo, ndani yake kuna jambo lisiloonekana: mwili uliokuwa umezoea dawa za jamii hiyo umepoteza mazoea. Kete ambayo zamani haikumfanya hata asinzie sasa inatosha kuzima pumzi zake. Atakaporudi mjini baada ya miezi miwili, akakutana na rafiki wa zamani siku ambayo kibarua kimekosekana na nyumbani kuna ugomvi, atapima kwa kipimo anachokikumbuka kichwani. Mwili haukikumbuki. Tafiti za nchi mbalimbali zimekubaliana juu ya hili: hatari ya kifo hupanda sana katika wiki nne za mwanzo baada ya kuacha methadoni, kama inavyopanda katika wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani. Wengi wanaokufa hivyo walikuwa wameacha kweli.

Kwa sababu hiyo kila nyumba yenye mtu wa namna hii inapaswa kuzijua dalili za aliyezidiwa: haamki hata akitikiswa kwa nguvu, anapumua kwa nadra au kwa mkoromo wa ajabu, midomo na kucha zinabadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kummwagia maji au kumnywesha maziwa hakumsaidii, na maziwa yanaweza kumpalia. Alazwe ubavu, njia ya hewa iwe wazi, akimbizwe hospitali, na anayempeleka aseme ukweli kuhusu alichotumia. Ipo dawa iitwayo nalokzoni inayoweza kumrudisha kwa dakika chache, lakini daktari asiyeambiwa huweza kupoteza muda akitafuta malaria kali au kisukari. Hofu ya kukamatwa na polisi ndiyo inayowafanya marafiki wa kijiweni wamwache mwenzao kizingitini na kutokomea. Hofu hiyo ina sababu zake, na viongozi wa mitaa wangefanya jambo kubwa kuliko mikutano mingi ya hadhara iwapo wangeiondoa.

Nyumba za upataji nafuu zinastahili kutajwa kwa heshima. Zimewapokea watu ambao hospitali haikuwa na kitanda wala neno kwao, na nyingi huendeshwa na watu waliopitia uraibu wenyewe, wanaofuata hatua kumi na mbili za Narcotics Anonymous. Msimamo wao ni kuacha kabisa, na wapo waliopona kwa njia hiyo. Tatizo huanza pale mfuasi wa njia moja anapomwambia mfuasi wa nyingine kwamba bado hajapona. Maneno ya aina hiyo yamewatoa watu kwenye methadoni kabla ya wakati, na kwa upande wa kliniki yapo majivuno ya kuziona nyumba hizo kuwa mahali pa kushinda tu. Nyumba inayomruhusu mtu kurudi mtaani baada ya miezi minne ina wajibu wa kumwambia, yeye na aliyemfuata, habari ya mwili uliopoteza mazoea. Kumwambia hivyo si kumtabiria kuanguka.

Kwa wahudumu wa afya lipo jambo la kitaalamu linalosahaulika. Mgonjwa anayetumia methadoni akianzishiwa tiba ya kifua kikuu yenye rifampisini, ini lake huanza kuiondoa methadoni kwa kasi, na katika siku chache hadi wiki mbili hupatwa na arosto ilhali hajakosa hata dozi moja. Efavirenzi na nevirapini, kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, zina tabia hiyohiyo. Dolutegravi haina usumbufu huo. Mgonjwa analalamika, anaonekana msumbufu, anaambiwa amerudia unga, na kwa kukata tamaa anaurudia kweli. Simu moja kutoka kliniki ya kifua kikuu kwenda kliniki ya methadoni siku ya kuanza dawa ingetosha kumwepusha na njia hiyo, kwa kuwa dozi huweza kupandishwa kwa uangalizi na kushushwa rifampisini inapomalizika. Tahadhari ya pili ni diazepamu na pombe. Vikiongezwa juu ya methadoni, pumzi hupungua, na mtu anayelalamika kukosa usingizi asipewe vidonge kabla ya kuulizwa anatumia nini kingine.

Mara nyingi kukosa usingizi huko ni sonona. Unga ulikuwa umefunika mengi: msiba usioliliwa, ukatili wa utotoni, aibu. Pazia likiondolewa, yote huonekana kwa mara moja, na mchana huwa mrefu. Kikombe hunywewa asubuhi kwa dakika moja. Saa zinazobaki ni za mtaa. Vibarua vya Kariakoo na Feri huanza alfajiri, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, kwa hiyo anayetaka kupona na anayetaka kula hulazimika kuchagua. Kwa wanawake hali huwa ngumu zaidi. Wengi hawafiki kliniki kabisa, kwa sababu mwanamume aliyetumia unga huitwa teja na mwanamke huitwa jina baya kuliko hilo, kisha huulizwa watoto amemwachia nani. Fundi seremala anayemruhusu kijana kuingia kazini saa nne asubuhi bila kumtangaza kwa wateja amefanya kazi ambayo hakuna dawa inayoweza kuifanya.

Mwezi wa Ramadhani nao una uzito wake, hasa Pwani na Visiwani. Wengi huutumia kujaribu kuacha, na nia hiyo ni njema. Mazungumzo kati ya mgonjwa, kliniki na imamu anayemwamini yafanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili ijulikane kama saa ya dawa inaweza kusogezwa na ruhusa ya mgonjwa inasemaje. Yakiachwa hadi siku ya kwanza ya mfungo, huwa yamechelewa.

Hakuna anayesema methadoni ni ya milele kwa kila mtu. Wapo wanaoimaliza. Huwa wamekaa muda wa kutosha bila unga, mara nyingi miaka. Wana kazi au shughuli, wana mahali pa kulala, na uamuzi umetoka kwao. Dozi hushushwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, husimamishwa pale mwili unapolalamika, na hupandishwa tena bila lawama ikibidi. Familia yenye hamu ya kushiriki inaweza kuuliza mambo mengine: kesho unakwenda saa ngapi, nauli ipo, nikusindikize? Mke anayeyajua majibu ya maswali hayo atakuwa wa kwanza kugundua mumewe alipoacha kwenda.

Na akiwa ameacha kwenda, arudishwe mapema, wala asiendelee na dozi ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyekosa siku tatu mfululizo au zaidi lazima apimwe upya, na mara nyingi dozi hupunguzwa kisha hupandishwa taratibu, kwa sababu ileile ya mwili kupoteza mazoea. Wengi hawarudi kwa kuogopa kukaripiwa dirishani. Muuguzi anayesimama hapo, akiliona jina ambalo halijatiwa alama tangu Jumatatu, aanze kwa kumpa kiti.