Mashini ikigonga ko-ko-ko

MUSO nyingine zinatunza hesabu kwenye ordinateri ya kubeba. Ikianza kelele au kugandaganda, kwanza tuisikilize.

Sauti ya upepo ni ya feni: huenda vumbi limejaa, fundi ataisafisha. Lakini ikigonga ko-ko-ko na faili zinachelewa kufunguka, ni diski. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, kwa nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma bila kuigusa. Kikigusa, kinakwaruza maandishi yetu.

Hapo tusiipige kofi, wala tusiizime na kuiwasha ovyo. Tunakili kwanza kwenye kle USB: hesabu za MUSO, kisha picha za watoto. Ikikataa, tuizime, tuipeleke kwa fundi, tumwambie wazi: «Tunataka faili.» Tusipomwambia, anaweza kufuta vyote akiweka Windows upya. Na asiifungue diski yenyewe; vumbi kidogo linaimaliza.

Tukipanda pikipiki kutoka Mudaka kwenda Bukavu, tuizime kabisa kwanza. Mitikisiko inaumiza diski inayozunguka. Na daftari la karatasi tusilitupe: feza ya wamama isikae mahali pamoja tu.