Kuku Mwekundu wa Nyama na Mayai

Baba wa jamaa hutuuliza: tufuge kuku wa mayai au kuku wa nyama? Twajibu: yuko kuku wa tangu zamani afaaye kwa yote mawili, naye aitwa Rhode Island Red.

Asili yake ni Marekani. Katika karne ya 19 wakulima wa Little Compton, katika jimbo la Rhode Island, walinunua kwa mabaharia majogoo wekundu wa asili ya Asia, wakawachanganya na mitetea yao. Hawakuwa wataalamu; walichagua tu wale waliotaga sana na kustahimili baridi. Mwaka 1925 kuku huyo alijengewa jiwe la ukumbusho huko Adamsville. Tusicheke: alikuwa amelisha watu wengi.

Manyoya yake ni mekundu ya kukolea, mkia mweusi wenye mng'ao wa kijani, miguu ya manjano. Jogoo akaribia kilo 4, mtetea kilo 3. Mtetea alishwaye vema aweza kupita mayai 200 kwa mwaka, mayai ya rangi ya kahawia. Yule wetu wa kijijini mara nyingi hafikishi 60.

Lakini mayai hayo hayatoki katika kuparua uani tu. Yataka mahindi, mchwa, dagaa, maji safi, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Yataka pia chanjo ya kideri, ugonjwa umalizao banda zima kwa siku chache. Tena, wengi wa kuku hao hawapendi kulalia mayai. Kazi hiyo mtetea wetu mdogo aijua kuwapita.

Jamaa moja tuijuayo haikukumbuka neno hilo. Iliuza mitetea yake yote ya kijijini, ikanunua wekundu 12, ikitumaini kulipa ada ya shule ya watoto watatu. Chanjo iliahirishwa. Kideri kikaingia, wakabaki mtetea mmoja na jogoo. Mayai yalikuwapo, wa kuyalalia hakuwapo, na mtoto mmoja akakaa nyumbani muhula mzima.

Mama hakukata tamaa. Aliazima kwa jirani mtetea wa kijijini aliyekuwa tayari kulalia, akamwekea mayai 9 ya yule mwekundu. Baada ya siku 21 vilianguliwa vifaranga 7. Safari hii mama mwenyewe alivipeleka kuchanjwa, kabla hajarudisha mtetea kwa mwenyewe.