Likasi: kidonge cha malaria kwa tumbo tupu ni kazi nusu

Kikula, Panda au Shituru, mvua ikianza malaria inabisha kila nyumba. Mtoto anapata homa, mama anaenda kituo cha afya au farmasi, anarudi na plaketi ya artemeta na lumefantrini. Anaambiwa siku tatu, asimalizie njiani. Neno la chakula mara nyingi halisemwi, na ndilo neno kubwa.

Dawa hii ni kazi ya wakemia. Miaka ya 1970 huko China, kundi la Bibi Tu Youyou lilitoa artemisinini kwenye mmea wa artemisia kwa kutumia etha badala ya kuchemsha majani. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Wakemia wakaibadilisha kidogo, wakapata artemeta, inayoyeyuka katika mafuta. Hiyo inaua vijidudu haraka, kisha baada ya saa chache imetoka mwilini. Ndiyo maana ikafungwa pamoja na lumefantrini, inayobaki siku kadhaa na kumaliza vijidudu vilivyosalia. (Anayekunywa chai ya artemisia peke yake hana mlinzi huyo wa pili, hata jirani aisifu namna gani.)

Sasa, lumefantrini inataka mafuta. Ikimezwa na chakula chenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu kinaweza kufika mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Si lazima iwe karamu: karanga, maziwa, sombe yenye mafuta ya mawese, kwa mtoto mchanga, ziwa la mama.

Familia iliyokimbia vita, inayokula bukari kavu mara moja kwa siku, itatoa wapi mafuta kwa dozi sita? Mtoto anameza vyote, homa inashuka, baada ya wiki chache inarudi. Watu wanasema dawa ni ya uongo. Hapana, dawa ilikosa njia ya kuingia.

Kwa hiyo anayegawa dawa kwa wakimbizi wa ndani agawe na karanga. Mashirika yanahesabu plaketi zilizotolewa, vizuri, lakini kopo la karanga sokoni ni rahisi kuliko kumtibu mtoto yule yule mara mbili. Na muuguzi, kabla ya kuandika dawa, amuulize mama: leo mtoto amekula nini?