Roboti za vita ndani ya simu: silaha moja ikitawala, mchezaji wa Likasi anaumia wa kwanza

Ziwa Tshangalele, mashariki mwa mji wa Likasi, ni ziwa la kutengenezwa na watu. Lilitokea baada ya mto Lufira kuzibwa kwa bwawa la Mwadingusha, ambalo kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Kazi yake ilikuwa kulisha viwanda vya shaba. Mwaka 2021, baada ya ukarabati uliofanywa na SNEL pamoja na kampuni ya Kamoa Copper, Mwadingusha ilirudi kutoa megawati 78. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaelekea migodini. Kijana wa vijiji vya ziwani anayetaka kucheza usiku anatafuta kwanza mahali pa kuchaji simu, kisha mega, kisha sehemu yenye mtandao.

Nimeanza na umeme kwa sababu, habari ya usawa wa silaha katika michezo ya roboti ikizungumzwa, wengi wanafikiri ni ugomvi wa watoto wa nchi tajiri. Sivyo. Mchezo ukiwa na silaha moja tu inayoshinda, anayepoteza kabla ya wengine ni yule mwenye simu ya zamani, mtandao mzito na mfuko mwepesi. Kwetu Haut-Katanga watu wa namna hiyo ndio wengi.

Kwa msomaji asiyejua, michezo hii ni ya mapigano kati ya mashini kubwa zenye miguu, kila moja ikiendeshwa na mchezaji mmoja kupitia mtandao. Inayojulikana zaidi kwenye simu ni War Robots ya kampuni Pixonic, iliyotoka mwaka 2014, ambamo watu sita wanapigana na sita. Mech Arena ya Plarium ilifuata mwaka 2021, watu watano kwa watano. Kupakua ni bure, ndiyo maana inafika hata hapa. Kwenye kompyuta kuna MechWarrior Online ya Piranha Games ya Canada, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2013. Huo si mchezo wa kibanda cha Likasi, unataka mashini yenye nguvu, lakini historia yake inatufundisha mengi, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Baba wa michezo hii yote ni BattleTech, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1984. Waliouandika walijiuliza swali zuri: namna gani ya kumzuia mtu asiweke bunduki kubwa kuliko zote na kumaliza kazi? Waliweka bei tatu. Ya kwanza ni uzito. Mashini ina tani 20 hadi 100, na kila kitu kinapimwa: leza ya kati ni tani 1, mzinga mkubwa wa AC/20 ni tani 14, bunduki ya Gauss ni tani 15. Ya pili ni nafasi ndani ya mwili wa mashini. Ya tatu, ambayo mimi naona ni ya akili zaidi, ni joto. Leza haihitaji risasi, lakini kila ukipiga mashini inapata moto. Ukizidisha, inajizima katikati ya vita na wewe unabaki umesimama kama mti. Bunduki ya Gauss haina joto la maana, lakini inakula tani na inaishiwa risasi. Makombora ya masafa marefu yanapiga mtu aliye nyuma ya kilima, ila adui akiingia ndani ya mita 180 hayafai tena.

Angalia kinachotokea hapo. Hakuna silaha mbaya na hakuna silaha bora, kuna mahali pake na saa yake. Mmoja anakaa nyuma na makombora, mwingine anakimbia na mashini ya tani 20 akichungulia adui yuko wapi, wa tatu anasukuma mbele na mzinga mfupi. Wachezaji watatu wenye tabia tatu, na kila mmoja ana kazi katika kundi. Anayejua mpira anaelewa: timu ya watu kumi na mmoja wote washambuliaji haifiki mbali.

Lakini hesabu ya mezani ilipoingia kwenye kompyuta ilivunjika haraka. Mezani, kila silaha inapiga kwa bahati ya dadu, risasi moja inaanguka mguuni, nyingine begani. Kwenye kompyuta mchezaji analenga mwenyewe kwa mausi, na silaha nne za namna moja zinagonga pahali pamoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2013, wachezaji wa MechWarrior Online walikuwa wanajaza mashini kwa PPC, silaha ya umeme yenye masafa marefu, na kuzipiga zote mara moja. Wengine waliruka juu ya kilima kwa injini za kurukia, wakapiga hewani, wakashuka kujificha kabla ya kujibiwa. Ukitaka kukaribia, unakufa njiani. Mizinga mifupi na makombora ya karibu yakawa mapambo.

Piranha walijibu Julai 2013 kwa adhabu ya joto: ukipiga PPC zaidi ya mbili karibu kwa wakati mmoja, joto linaongezeka kuliko jumla yake ya kawaida. Wachezaji wengi walikasirika, wakasema sheria hiyo haionekani na haielezeki kwa mgeni. Walikuwa na haki kwa upande huo. Lakini ilifanya kazi yake: anayetaka kupiga zote alibaki na uhuru wa kufanya hivyo, akalipa.

Hiyo ni tofauti kubwa na njia rahisi ambayo makampuni mengi yanaipenda, yaani kupunguza nguvu ya silaha yenyewe mpaka mtu asiitamani tena. Ukifanya hivyo unaua namna moja ya kucheza, na kesho wachezaji wote wanahamia kwenye silaha ya pili, ambayo nayo italalamikiwa. Bei inaacha chaguo mikononi mwa mchezaji.

War Robots ilikuwa na mfumo wake mzuri katika miaka ya mwanzo, na hauna maneno mengi. Kulikuwa na ngao mbili, ya nishati na ya chuma. Plazma ilipenya ngao ya nishati lakini ilizuiwa na ya chuma. Roketi zilizuiwa na ngao ya nishati, ila mlipuko wake ulimfikia aliyejificha nyuma ya chuma. Risasi za kawaida zilizuiwa na zote mbili, lakini zilivunja ngao polepole. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaielewa kwa dakika tano, na hata mwenye roboti ya bei ndogo alikuwa na mtu anayeweza kumshinda.

Mwaka 2017 zikaingia roboti tatu zenye majina ya hadithi za Korea: Haechi, Kumiho na Bulgasari. Ziliweza kuruka pembeni kwa ghafla, mara moja baada ya nyingine, na kutoka mbele ya roketi kabla haijafika. Mpango wa ngao haukuwa na maana sana tena, kwa sababu roboti isiyogongwa haihitaji ngao. Malalamiko yalikuwa mengi duniani. Kampuni ilirekebisha baadaye, lakini tangu hapo wachezaji wanaona mzunguko ule ule: kitu kipya kinatoka kikiwa na nguvu nyingi, kinauzwa, kinatawala, kisha kinapunguzwa nguvu wakati kingine kinakuja.

Hapa tuseme wazi. Mchezo wa bure unalipa wafanyakazi wake kwa kuuza vitu, na silaha iliyo sawa na zingine haiuziki kwa urahisi. Hilo ni biashara, si uchawi. Lakini kijana anayetumia wiki kadhaa kukusanya sarafu za mchezo, bila dola hata moja, anapata ile silaha siku ambazo imeshapunguzwa. Aliyelipa kwa kadi ya benki aliitumia ilipokuwa mfalme. Kwetu wengi hawana kadi ya benki, na mwenye Airtel Money au M-Pesa anafikiria kwanza mega, unga na karo ya mdogo wake.

Si roboti peke yake. Mwishoni mwa 2019 mchezo wa mapigano Tekken 7 ulileta mpiganaji mpya, Leroy Smith. Mashindano ya EVO Japan yalipofika Januari 2020, wengi kati ya wanane wa mwisho walikuwa wanamchezesha yeye, na mshindi pia. Alipunguzwa nguvu muda mfupi baadaye. Nautaja kwa sababu Afrika Mashariki ina watu wake ndani ya Tekken: Mkenya Sylvia Gathoni, anayeitwa QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya nje ya nchi yake. Kwa mtu anayetoka mbali na anayetegemea ustadi wake, mpiganaji mmoja anayeshinda wote ni kama kuambiwa kwamba mazoezi ya miaka hayana kazi. Armored Core VI, iliyotoka Agosti 2023, iliona jambo hilo hilo. Bunduki mbili za Zimmerman zilitawala mapigano kati ya wachezaji mpaka watengenezaji wakaingilia kati.

Sasa turudi Tshangalele, kwa sababu kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa sana: umbali.

Chukua seva iliyo Frankfurt, Ujerumani. Kutoka Likasi ni kama kilometa 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa mtandao unaenda karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi, hata kama waya ungenyooka kama kamba, ni sehemu 70 za elfu moja za sekunde. Waya haunyooki. Unapita nchi jirani, unatafuta bahari, unazunguka bara, na kabla ya hapo kuna mnara wa simu wenye watu wengi jioni. Mia mbili ni namba ya kawaida kabisa, na mnara ukilemewa inapanda.

Hesabu ndogo. Mashini nyepesi ya MechWarrior Online inakimbia kilometa 150 kwa saa, yaani mita 42 kwa sekunde. Katika sehemu 200 za elfu moja, imesogea mita 8. Unalenga kifua chake, yeye hayupo tena. Baadhi ya michezo inaweka hesabu ya kurudi nyuma: seva inajiuliza ulikuwa unaona nini ulipobonyeza, na inakupa haki yako. Inasaidia kugonga. Haisaidii kukwepa, kwa maana unamwona anayekupiga akiwa ameshakupiga.

Kwa hiyo silaha hazilingani kwa wachezaji wote, hata kama karatasi ya watengenezaji inaonyesha kwamba zinalingana. Bunduki ya karibu inayotaka mkono mwepesi ni nzuri kwa kijana wa Berlin na ni mzigo kwa wa Likasi. Makombora yanayojifunga kwa adui na kumfuata yenyewe yanavumilia mtandao mbaya. Vilevile silaha ya eneo, ile inayolipuka na kufunika sehemu nzima, na kazi ya kulinda wenzako kwa ngao. Mimi mwenyewe nilipocheza War Robots nilijaribu roboti za mbio, nikaacha. Nilihamia roboti nzito ya ngao, nikasimama kwenye kituo cha kukamata na kungoja waje. Wenzangu walinicheka, lakini nilianza kushinda.

Ndiyo maana wingi wa namna za kucheza ni mlango wa kuingilia kwetu. Watengenezaji wakisikiliza tu wachezaji bora wa Ulaya na Marekani, ambao mara nyingi wanachukia makombora ya kujifunga na kusema ni silaha ya wavivu, wanaweza kupunguza kile kitu kimoja ambacho mtu wa mtandao mzito anakitumia. Sijui kama wanafikiri juu yetu wanapofanya hivyo. Wanachoangalia ni takwimu za ushindi kwa ngazi za ustadi. Wangeweza kuziangalia pia kwa kasi ya mtandao, kwa sababu seva inaijua kasi ya kila mchezaji. Kazi hiyo haihitaji kujenga kitu kipya.

Kuna watakaosema tatizo litaisha lenyewe. Mei 2025 ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini, ilitoa leseni kwa Starlink, ambayo mwaka 2024 ilikuwa imekatazwa. Satelaiti za chini zinapunguza kuchelewa kwa kiasi kikubwa, ni kweli. Lakini sahani yake na malipo ya kila mwezi ni mambo ya kampuni, ya shule yenye pesa au ya mfanyabiashara wa mjini, na inataka umeme usiokatika. Mvuvi wa Tshangalele anayelipa kuchaji simu hawezi kuiwasha usiku kucha. Labda kibanda kimoja kitainunua na kuuza mtandao kwa saa, kama siebakafe za zamani. Hilo linaweza kutokea.

Kwa sasa, anayecheza kutoka kandokando ya ziwa afanye hesabu yake kabla ya kukusanya sarafu: silaha inayojifunga au inayofunika eneo, ngao, na kazi ya kukamata vituo, kuliko roboti ya mbio iliyotoka wiki iliyopita. Na asiinunue ile inayotawala leo kwa pesa za mkopo. Kwa mwendo ambao michezo hii imeonyesha tangu 2017, inaweza kushuka kabla deni halijaisha.