Pikipiki Isiyowaka Alfajiri: Baridi Haina Kosa



Ndugu wasomaji, wiki hii tunaomba ruhusa tuzungumzie chombo kinacholala katika baraza na sebule za familia nyingi, yaani pikipiki ya zamani yenye kabureta. Tunaandika huku tukiwa na jambo la kukiri.

Msikiti wetu hapa Picha ya Ndege una pikipiki iliyotolewa waqfu na muumini mmoja. Hutumika kupeleka taarifa za misiba, kufuata sanda na kumkimbiza mgonjwa pale usafiri mwingine unapokosekana. Mwezi Julai mwaka jana, kabla ya adhana ya Alfajiri, baba mmoja alitubishia hodi. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa amebanwa na kifua na alihitaji kufikishwa Tumbi. Tuliitoa pikipiki, tukapiga kiki mpaka jasho likatutoka katika baridi ile. Vijana wakaisukuma hadi kando ya Barabara ya Morogoro, nayo haikukohoa hata mara moja. Mwishowe jirani mmoja aliamshwa, akatoa bajaji yake. Mtoto alifika, akatibiwa, akapona, alhamdulillah. Lakini sauti ya pumzi zake tulipokuwa tukihangaika na kiki hatujaisahau.

Asubuhi ile sote tulisema kwamba ni baridi. Fundi tuliyemwita alifungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, akakinga yaliyotoka katika chupa safi. Chini ya petroli yalionekana matone ya maji. Akafungua plagi, nayo ilikuwa nyeusi kwa masizi. Kisha akatutazama akasema, "Ustadhi, baridi haina kosa. Chombo hiki kimekuwa kikiomba msaada tangu masika."

Maneno hayo yana ukweli ambao kila mwenye pikipiki anapaswa kuuelewa. Petroli ya majimaji haiwaki vizuri. Huwaka ikiwa imegeuka mvuke na kuchanganyika na hewa kwa kipimo. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hubaki imeganda kwenye kuta za njia ya kuingilia, na mvuke unaofika ndani huwa haba. Wakati huohuo oili huwa nzito, na betri hupungukiwa nguvu. Hata hivyo, usiku wa Julai hapa Kibaha hushuka chini kidogo tu ya nyuzi joto 20. Baridi ya namna hiyo haiizimi injini nzima. Huifichua injini ambayo tayari ina dosari, na ambayo mchana wa joto ilikuwa ikijikongoja bila mtu kujua.

Basi pikipiki ikikataa asubuhi, tusianze kwa nguvu za mguu. Tuifuate kwa utaratibu.

Kwanza, mafuta. Hakikisha swichi ya kuzimia injini haijabonyezwa, koki imefunguliwa na tangi lina petroli. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini ya tangi na chini ya bakuli la kabureta, mahali hasa injini inapochotea. Huingia kwa mvua kupitia mfuniko wa tangi uliochakaa, au kwa unyevu wa hewa katika tangi linalolazwa karibu tupu. Dawa yake ni kufungua skrubu ya bakuli na kuyamwaga katika chombo, mbali na moto, kisha kubadilisha mpira wa mfuniko.

Pili, choki. Kazi yake ni kupunguza hewa ili petroli izidi kidogo wakati injini ingali baridi. Ifunge choki, usizungushe mkono wa resi, kisha piga kiki. Ikiwaka, irudishe choki polepole kadiri injini inavyopata joto. Wengi huisahau, wakaenda nayo mpaka sokoni. Ndiyo sababu mojawapo ya plagi kujaa masizi na petroli kuisha haraka. Na ukipiga kiki mara nyingi bila mafanikio, ukasikia harufu kali ya petroli, basi injini imelewa mafuta. Ondoa choki, fungua resi yote, piga kiki mara kadhaa. Au fungua plagi uikaushe.

Tatu, plagi. Rangi yake ni barua kutoka ndani ya injini. Kahawia ni dalili ya afya. Nyeusi kavu huonyesha petroli imezidi au chujio la hewa limeziba. Nyeupe huonyesha petroli ni haba. Ikilowa oili, huenda ringi za pistoni zimechoka. Nafasi ya ncha zake katika pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, ikipanuka kwa uchakavu, cheche hushindwa kuruka. Kagua pia waya na kofia ya plagi, kwa kuwa umande ukiingia kwenye ufa, umeme hupotelea njiani.

Nne, hewa na njia zake ndogo. Vumbi la barabara zetu za ndani huziba chujio upesi. Na pikipiki ikikaa majuma mengi bila kutumika, petroli iliyobaki katika kabureta hukauka na kuacha utando kama gundi. Utando huo huziba tundu dogo kabisa, ambalo ndilo injini hulitegemea wakati wa kuwaka. Asiye na ujuzi asilichokoe kwa waya, maana tundu likipanuka halirudi. Hiyo ni kazi ya fundi, kama ilivyo kurekebisha tapeti na kupima mgandamizo wa injini.

Habari njema ni kwamba vyombo hivi vilijengwa ili vitengenezeke. Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ilibuniwa kwa kuzingatia nchi zenye barabara mbovu na matunzo haba, na injini ya mtindo wake imeigwa na viwanda vingi vya China ambavyo pikipiki zake zimejaa nchini mwetu. Ndugu zetu wa Njombe na Makete, ambako baridi ni baridi kweli, huziwasha kila asubuhi. Wao wana sababu ya kuchagua oili ambayo namba yake kabla ya herufi W ni ndogo, kwa kuwa hubaki nyepesi zaidi baridini.

Sasa neno kwa kina mama na kina baba. Tunajua kwamba pikipiki nyingi hulala ndani kwa hofu ya wezi. Usiku, funga koki. Isilazwe chumba kimoja na jiko la mkaa, taa ya moto au godoro la watoto. Na asubuhi isiwashwe ndani hata kwa dakika chache za "kuipasha". Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua aliyelala bila kumwamsha. Itoe nje kwanza, kisha iwashe. Vijana nao tunawausia wasimimine petroli katika mdomo wa kabureta ili "kuishtua". Mlipuko mmoja unatosha kuunguza uso wa mtu.

Tunarudi kwenye kukiri kwetu. Fundi alipouliza plagi ilibadilishwa lini, tulifungua daftari la kamati. Tulikuta tarehe za michango, vikao na ununuzi wa mikeka. Habari ya matunzo ya pikipiki haikuwamo. Aliyeitoa waqfu alikusudia iwafae watu wakati wa dhiki. Sisi tuliipokea kwa takbira, kisha tukaiacha inyeshewe chini ya mwembe. Amana haivunjwi kwa wizi peke yake. Huvunjwa pia kwa kuiacha ioze mikononi mwa mtu mwaminifu.

Tangu hapo ina turubai lake, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi vijana wawili huikagua: bakuli, plagi, chujio, oili na mfuniko. Tarehe huandikwa na aliyekagua hutia saini. Julai hii imeshawaka alfajiri nyingi, mara nyingi kwa kiki ya pili. Yule mtoto naye ana miaka mitatu sasa, na kila akiiona huomba apandishwe.

Wabillahi tawfiq.