Shujaa wa Zamani na Kisa Kipya

Wako wenzetu hapa Kayanga washikao neno hili, ya kuwa shujaa wa hadithi akiisha kupendwa na watu asiguswe tena. Abaki vile vile, na visa vyake virudiwe, maana ndivyo wasomaji watakavyo. Sisi twalikataa neno hilo, wala hatulikatai kwa upole.

Watazameni Wamarekani na hadithi zao za picha. Superman alitokea mwaka wa 1938, Batman mwaka wa 1939, nao wangali wakichapishwa hata leo. Mwaka wa 1992 wenye Superman walimwua katika kurasa zake, na watu wakakimbilia kununua. Mwaka uliofuata wakamrudisha hai, mambo yakawa karibu kama yalivyokuwa. Je, huo ndio upya? Sisi twauita ulaghai, kama kahawa ya mwaka jana kutiwa katika gunia jipya.

Walakini mwaka wa 2011 wengine walifanya vema zaidi. Vazi la Spider-Man, aliyekuwapo tangu 1962, walimvika kijana mwingine, Miles Morales, ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ni mtu wa asili ya Puerto Rico. Wako walionung'unika. Lakini kijana huyu ana wazazi wengine na hofu zake mwenyewe. Basi kisa chake hakina budi kuwa kingine. (Watoto wetu wavaao fulana za buibui yule kutoka mitumba ya sokoni hawana habari, nasi hatuwalaumu.)

Tena tunaye wetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka wa 1960, akaendelea naye zaidi ya miaka ishirini. Kiko ni kile kile, rafiki yake Najum ni yule yule. Bali fumbo ni jingine. Na mwaka wa 1984 alitoa kitabu akakiita Kosa la Bwana Msa. Ni nani kati ya hao watetezi wa shujaa asiyeguswa angethubutu kutaja kosa lake juu ya jalada?

Mtatujibu, Na Sungura je? Mbona wazee hawakumbadili? Hamkuwasikiliza vema. Sungura amdanganyaye Fisi ndiye huyo aliyeshindwa mbio na Kobe, ndiye aliyenaswa kwa sanamu ya ulimbo. Wazee walijua kwamba mwerevu asiyeshindwa kamwe huwalaza wasikilizaji. Nao waimbaji wa nanga wa Buhaya humwimba Rukiza yule yule, kila mmoja kwa namna yake.

Sasa tuseme aibu yetu. Tuliwaagiza wanafunzi waandike hadithi ya kubuni. Karibu wote walileta Sungura, Fisi na shimo, na maneno ya mwisho yalifanana kana kwamba yamenakiliwa ubaoni. Tukawapa alama nzuri, kwa kuwa tahajia ilikuwa safi. Msichana mmoja alimwandika Sungura mzee, macho yamefifia, akishikwa mkono na mjukuu wa Fisi ili avuke mto. Tulimpunguzia alama, tukaandika kwa wino mwekundu, "Sungura si hivyo."

Tangu siku ile hajaandika hadithi nyingine. Juma hili tutakwenda kwao kumwomba atuazime daftari lile, tulisome upya.